Kuvuka Huku Unaogopa: Mwongozo kwa Mkristo Anayesumbuliwa na Hofu

Mwongozo huu nimeuandikia mtu wa aina moja: yule anayeamini, anayesali, asiyekosa ibada ya Jumapili, na ambaye hata hivyo moyo humwenda mbio kila akumbukapo jambo fulani, hata akaanza kujiuliza kama imani yake ni ya kweli. Nimekuwa mtu huyo. Mimi niliyezaliwa Likoni, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, niliyevuka feri tangu nikiwa mgongoni mwa mama, nilikaa karibu mwaka mzima nisiweze kuvuka feri. Hakukuwa na ajali iliyonipata, wala kosa la mtu yeyote. Jioni moja tu, nikiwa katikati ya umati upande wa kisiwani, kifua kilinibana, mikono ikafa ganzi, na nikawa na hakika kwamba nakata roho. Nilirudi nyuma nikipenya kati ya watu, na tangu siku hiyo nikawa nalala kwa ndugu yangu Kisauni, kunakofikiwa kwa daraja, siku za kazi, nikidai kwamba naepuka msongamano.

Hofu yako huenda si ya feri. Huenda ni ya ugonjwa, ya kupoteza kazi bandarini, ya kurogwa, ya kusimama mbele za watu, au ya usiku wenyewe. Nitautumia mfano wa feri mara kwa mara kwa sababu ndio ninaoujua kwa undani, nawe utapima mahali pako.

Hatua ya kwanza: ijue hofu yako kwa jina lake

Kiswahili kimetufanyia hisani kubwa katika jambo hili. Kina neno kucha na kina neno kuogopa, na Biblia yetu haiyachanganyi hovyo. Mithali 1:7 inaposema, "Kumcha Bwana ni chanzo cha maarifa," haimwambii mtu atetemeke kama panya mbele ya paka, bali amheshimu Mungu kwa kiwango kinachostahili. Kisha kuna hofu, inayokuja na kuondoka. Kuna woga, unaokaribia kuwa tabia. Kuna wasiwasi, ambao mara nyingi haujui hata unachokiogopa. Na kuna fadhaa, pale mawazo yanapovurugika yasishikike. Usimwombe Mungu akuondolee "roho ya hofu" kwa jumla kabla hujajua unasumbuliwa na lipi kati ya haya, maana huwezi kupambana na kitu usichokitambua.

Chukua daftari la kawaida la shule. Kwa muda wa wiki moja, kila hofu inapokujia, andika mambo matano: ni lini, ni wapi, mwili ulifanya nini, ulidhani nini kitatokea, na hatimaye nini kilitokea. Ukurasa wangu wa kwanza bado ninao: "Jumanne, saa kumi na moja na nusu jioni, kituo cha feri. Mikono baridi, miguu mizito. Nilidhani nitaanguka nikanyagwe. Sikuanguka. Mtoto aliyebeba kuku aliniuliza kama nimepoteza kitu." Nilipousoma ukurasa huo usiku nilicheka, na kicheko kile kilikuwa cha kwanza baada ya wiki nyingi. Kile kipengele cha tano, nini kilitokea, ndicho chenye faida kuliko vyote, kwa sababu hofu hutabiri sana lakini hairudi kukagua utabiri wake.

Baada ya wiki hiyo, tenganisha hofu yenye hatari ya kweli na ile isiyo nayo. Wazee walisema kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na hawakusema hivyo kwa kuusifu woga, bali kwa kutambua kwamba hofu nyingine ni mlinzi aliyewekwa na Muumba. Mwanamke anayemwogopa mume anayempiga hahitaji kufundishwa kutoogopa. Anahitaji mahali salama pa kulala leo, na mtu wa kumsindikiza kituo cha polisi. Ukifika Kongowea, pale panapoitwa Kengeleni, utaiona kengele ya Freretown, makazi yaliyoanzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1875 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka utumwani. Husimuliwa kwamba kengele ile iligongwa kuwatahadharisha wakazi pindi wawindaji wa watumwa walipokaribia. Wale walikuwa watu wa sala, wakawa pia na kengele, na hakuna aliyeona kwamba kengele inaipunguza sala. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo. Tatizo tunaloshughulikia hapa ni kengele inayolia mchana na usiku bila adui kuonekana.

Hatua ya pili: acha kuionea haya

Hatua hii ni fupi kuisoma na ndefu kuitenda. Wakristo wengi huteseka mara mbili: kwanza kwa hofu yenyewe, kisha kwa aibu ya kuwa nayo. Wameambiwa kwamba anayeamini haogopi, na wakisikia mioyo yao ikidunda huhitimisha kwamba hawaamini.

Soma Marko 14:33 polepole. Imeandikwa kwamba Yesu, katika bustani ya Gethsemane, "akaanza kufadhaika sana na kuhangaika." Kama fadhaa ingekuwa dhambi kwa yenyewe, tungekuwa na shida kubwa na mstari huo. Alichofanya baadaye ndicho cha kuiga: aliwaomba rafiki watatu wakae karibu naye, akamwambia Baba waziwazi kile asichokitaka, akarudia maneno yaleyale mara kadhaa, kisha akainuka akaenda kuwakabili waliokuja kumkamata. Mambo hayo manne yamo katika mwongozo huu wote, na sidhani nimeongeza mengi juu yake.

Neno moja la pembeni. Utasikia mara nyingi mahubirini kwamba neno "usiogope" limo katika Biblia mara 365, moja kwa kila siku ya mwaka. Ukikaa na kuhesabu, hesabu hiyo haitoki. Agizo hilo limerudiwa mara nyingi sana, na hiyo inatosha. Imani haihitaji kupambwa kwa takwimu za kubuni.

Hatua ya tatu: uhudumie mwili kabla ya kuuhubiria

Nabii Eliya, siku chache tu baada ya ushindi wake mlimani Karmeli, alimkimbia Yezebeli hadi jangwani, akaketi chini ya mretemu, akaomba afe. Katika 1 Wafalme 19 malaika hakumkemea wala hakumpa hotuba juu ya imani. Alimgusa, akamwambia ainuke ale. Palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Eliya akala, akalala tena, akaamshwa akala mara ya pili, na ndipo akapata nguvu za safari. Mazungumzo mazito na Mungu yalikuja baadaye, huko Horebu.

Basi jiulize: unalala saa ngapi? Ulikula nini leo? Je, unatafuna muguka, yale majani ya kusisimua mwili, jioni ili ukeshe kazini, au unakunywa vikombe vinne vya kahawa chungu barazani kisha unashangaa moyo ukipiga usiku wa manane? Vitu hivyo huuchochea mwili kwa njia ileile inayofanana na hofu, na mtu anaweza kukemea mapepo miezi mitatu ilhali adui ni kikombe. Vipunguze kwanza, wiki mbili, uone.

Kisha jifunze kupumua. Unapoogopa, tezi zilizo juu ya figo humwaga homoni iitwayo adrenalini. Moyo huenda mbio, pumzi huwa fupi, damu hukimbilia kwenye misuli mikubwa, na ndiyo sababu mikono huwa baridi, na pumzi hizo fupi za haraka hufanya vidole vife ganzi. Hali hiyo hutisha, lakini kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi kisha huanza kushuka yenyewe. Huwezi kuuamrisha moyo upunguze mapigo, lakini pumzi unaweza kuitawala, na moyo hufuata pumzi. Vuta hewa polepole kwa hesabu ya nne, itoe kwa hesabu ya sita, mabega yakiwa yamelegea. Endelea dakika tano.

Mimi nilizoea kuitia pumzi hiyo maneno ya Zaburi 56:3. Nikivuta: "Siku ya hofu yangu." Nikitoa: "nitakutumaini Wewe." Maneno hayo yanakaa vizuri kwenye pumzi, kana kwamba yaliandikwa na mtu aliyekuwa akihema.

Hatua ya nne: shika neno moja, usishike kumi

Watu wema watakutumia orodha ya mistari ishirini kwenye simu. Washukuru, lakini usijaribu kuitumia yote. Mtu aliyezidiwa na hofu hana nafasi kichwani ya kuchagua. Chagua mstari mmoja, uukariri neno kwa neno katika tafsiri uliyoizoea, kwa wengi wetu ile ya Union Version tuliyoisikia tangu utotoni, na uutumie huohuo kwa mwezi mzima. Ikiwa wasiwasi wako ni wa kesho, Mathayo 6:34 unafaa: "Basi msisumbukie ya kesho, kwa kuwa kesho itajisumbukia yenyewe. Yatosha kwa siku maovu yake." Ikiwa unaogopa nguvu za giza, shika 1 Yohana 4:4. Ikiwa ni upweke na mauti, Zaburi ya 23 haijapata mpinzani.

Jambo la muhimu ni kuusoma mstari wako pamoja na habari inayouzunguka, usiukate kama hirizi. Chukua Zaburi hiyo ya 56. Kichwa chake kinasema iliimbwa Daudi alipokamatwa na Wafilisti huko Gathi. Ukifungua 1 Samweli 21 utaona kwamba Daudi "akamwogopa sana" Akishi, mfalme wa Gathi, na kwamba alijifanya mwendawazimu, akikwaruza mbao za lango na kuachia mate yatiririke ndevuni, hadi wakamwachilia. Mtu aliyesema "nitakutumaini Wewe" ndiye huyohuyo aliyetumia akili yake yote ili atoke mle. Tena angalia mstari wenyewe: hausemi "kwa kuwa nakutumaini, sina siku ya hofu." Siku ya hofu ipo, na ni yake, ameiita "yangu." Kumtumaini Mungu kunafanyika ndani ya siku hiyohiyo.

Mstari ukishautambua hivyo, hauchoki hata ukiurudia mara mia.

Hatua ya tano: omba kwa lugha ya nyumbani

Wafilipi 4:6 inatufundisha kwamba haja zetu na zijulikane na Mungu "katika kila neno kwa kusali na kuomba, pamoja na kushukuru." Neno la kushika hapo ni haja. Haja hutajwa. Usizungushe maneno ya mimbarini, sema, "Bwana, leo saa mbili nakwenda kuchukua majibu ya maabara, na ninaogopa kwamba ni saratani, na ninaogopa zaidi nani atawalea watoto." Kisha taja jambo moja la kushukuru, la kweli, hata dogo: chai ya maziwa uliyokunywa, jirani aliyekuletea mbaazi, upepo wa kusi uliopoza chumba. Usijilazimishe kushukuru kwa ajili ya ugonjwa, hukuombwa hivyo.

Sala hiyo iwe fupi, kwa saa zilezile kila siku. Nimewaona watu wanaoomba dhidi ya hofu saa tatu mfululizo, kwa sauti kubwa, hofu ikitajwa katika kila sentensi, wakainuka wakiwa wameiogopa zaidi. Dakika kumi asubuhi na kumi kabla ya kulala zinatosha kwa kuanzia, na baada ya amina inuka uende ukafanye kazi.

Lazima pia uombe sala moja ngumu, ile ya vijana watatu wa Danieli 3. Mbele ya tanuru walisema kwamba Mungu wao anaweza kuwaokoa, wakaongeza, "Bali kama si hivyo." Hofu haiwezi kutulizwa kwa ahadi ambayo Mungu hakuitoa. Hakuahidi kwamba chombo hakitazama. Tarehe 29 Aprili 1994 feri ilipinduka Mtongwe, jirani na Likoni, watu 272 wakafa, na miongoni mwao walikuwamo waliosali asubuhi ile. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mkewe Rosina, na kabla mwaka haujaisha alikuwa amemzika mke na mtoto mchanga upande wa Nyali. Alibaki, akaendelea kujifunza Kiswahili na kuanza kutafsiri Maandiko. Kumwambia mwenye hofu kwamba Mkristo hapatwi na mabaya ni kumjengea nyumba juu ya mchanga wa Bamburi. Ahadi iliyopo ni nyingine, na ni ya Zaburi 23:4, "Kwa maana Wewe upo pamoja nami." Jizoeze kuomba hadi mwisho wa "bali kama si hivyo," nawe utaona kwamba kile ulichokiogopa sana, ukishakitazama usoni mbele za Mungu, hakina tena neno jipya la kukutishia nalo.

Hatua ya sita: vuka huku unaogopa

Hii ndiyo hatua ninayotaka usome mara mbili. Kosa langu kubwa katika mwaka ule lilikuwa kungoja. Nilimwomba Mungu aniondolee hofu, nikangoja iondoke, ili ikishaondoka nivuke. Haikuondoka, na kila siku niliyoikwepa feri, hofu ilizidi kunenepa. Kunguru mwoga hukimbiza ubawa wake, ni kweli, lakini kunguru huyo asipotua popote atakufa njaa. Mwili hujifunza kwa matendo: ukikimbia pale hofu ilipo kileleni, unajifunza kwamba kukimbia ndiko kulikokuokoa, ukibaki hadi ishuke yenyewe, unajifunza kwamba hukuhitaji kuokolewa na kitu kile. Petro hakungoja mawimbi yatulie ndipo ashuke chomboni, na alipoanza kuzama, sala yake ilikuwa na maneno mawili tu, "Bwana, niokoe."

Andika ngazi yako mwenyewe, kuanzia jambo linalokutisha kidogo hadi linalokutisha mno, na kila moja ulipe alama kati ya sifuri na kumi. Yangu ilikuwa hivi. Kwanza, nishuke matatu kituo cha feri saa nne asubuhi, wakati watu ni wachache, niketi mbali nikitazama vyombo vikienda na kurudi kwa nusu saa, kisha nirudi zangu. Hilo nililipa alama tatu. Pili, niingie penye kungojea pamoja na watu, nibaki hadi feri moja ijae na kuondoka bila mimi. Hilo lilikuwa tano. Tatu, nivuke asubuhi hiyohiyo tulivu nikiwa na mtu, saba. Nne, nivuke peke yangu. Tano, nivuke jioni ya saa kumi na moja na nusu, pamoja na mikokoteni, wauza njugu na umma wote wa kisiwani ukirudi nyumbani. Hilo sikulipa alama, nililichorea tu mstari.

Kanuni ni tatu. Usipande kipande kipya kabla cha chini hakijashuka angalau nusu ya alama zake. Kwa kawaida hilo huchukua marudio manne au matano. Usiondoke wakati hofu iko juu. Pumua, sema mstari wako, ngoja ishuke. Na usiache zaidi ya siku mbili zikapita bila kufanya zoezi, maana hofu hurudi kwenye nafasi iliyoachwa wazi.

Siku ya kipande cha tatu nilisindikizwa na mama mmoja wa kanisa letu, mtu mzima, aliyempoteza jirani yake kule Mtongwe na ambaye amevuka karibu kila siku tangu hapo. Tulisimama juu ya mteremko. Ulimi wa chuma wa feri ulishuka ukakwaruza saruji kwa kishindo kile kinachomfanya hata mzoefu akunje uso, harufu ya dizeli na ya mwani ikatujia pamoja, na vijana wa mikokoteni wakaanza kupiga kelele wapishwe. Magoti yangu yalilegea. Nikamwambia, "Mama, ngoja kidogo niombe."

Akanishika kiwiko. "Mwanangu, sala utaimalizia ndani. Twende, feri haitungoji."

Tukaingia. Alinisimamisha karibu na ukingo, mahali penye upepo, akaniambia nisishike chuma kwa nguvu kiasi kile kwani si mimi ninayeiendesha. Nilisema Zaburi 56:3 mara nyingi nisizozihesabu. Katikati ya mkondo hofu ilikuwa tisa. Tulipokaribia Likoni ilikuwa sita, na sikuwa nimefanya lolote ila kusimama na kupumua. Nilishuka nikiwa nimelowa jasho kama aliyepakua meli, tukanunua mahamri mawili, tukageuka tukavuka tena.

Kwa mwenye hofu ya maradhi ngazi huanza na kupita mbele ya lango la hospitali. Kwa anayeogopa kusimama mbele za watu, huanza na kusoma aya moja katika kikundi cha watu watano. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Basi anza na unyasi.

Hatua ya saba: mwambie mtu mmoja

Yakobo 5:16 inatuhimiza kuungama "ninyi kwa ninyi, na kuombeana." Chagua mtu mmoja anayejua kutunza siri, anayesikiliza kabla ya kushauri. Katika jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya nyumbani yupo kila mara mtu wa namna hiyo, na mara nyingi si yule anayeomba kwa sauti kubwa. Mweleze ngazi yako na umwombe mambo mawili tu: akuulize kila wiki umefika wapi, na asikubembeleze uahirishe. Usimwonee haya jirani Mwislamu pia. Aliyenisindikiza mara ya pili ni mwenzangu wa kazini, mwenyeji wa Mji wa Kale, ambaye alijua vyema maana ya kumtegemea Mungu baharini na hakuniuliza maswali mengi.

Hatua ya nane: chuja sauti unazozisikiliza

Hapa pwani hofu ina soko. Yuko mganga atakayekuambia umetupiwa jini na kwamba kuliondoa ni kondoo mweusi na fedha taslimu. Na yuko, nasikitika kusema, anayejiita nabii, atakayekuambia jambo lilelile kwa mistari ya Biblia, akakuuzia chupa ya mafuta au kukudai sadaka iitwayo mbegu ya imani. Wote wawili wanaihitaji hofu yako iendelee. Mkristo hakatai kwamba zipo roho chafu, lakini anaamini kile kilichoandikwa, kwamba "yeye aliye ndani yenu ni mkuu kuliko yeye aliye katika dunia," na Yesu hakumtoza mtu senti moja kwa kumfungua.

Tumia vipimo hivi. Je, baada ya kumsikiliza mhubiri huyo unaogopa zaidi au kidogo? Je, anakutenga na ndugu zako? Je, anakukataza hospitali, au anawakataza watoto shule? Je, anaagiza mfungo usio na mwisho? Mwaka 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu walioshawishiwa kufunga hadi kufa, miongoni mwao watoto wengi. Ile haikuwa imani iliyozidi kipimo. Ilikuwa hofu ya mwisho wa dunia iliyovikwa nguo za imani. Ukiona dalili moja tu kati ya hizo, ondoka, na ukiwa na watoto ondoka nao.

Mfungo wenyewe ni jambo jema kwa mwenye afya, lakini mtu asiyelala kwa hofu na aliyekonda kwa wasiwasi asianze na mfungo. Mkumbuke Eliya na mkate wake.

Hatua ya tisa: jua wakati wa kumwona daktari

Ikiwa hofu imedumu zaidi ya mwezi na inakuzuia kazi, usingizi au kula, ikiwa inakuja na maumivu ya kifua ambayo hayajachunguzwa, ikiwa ilianza baada ya kushambuliwa, kubakwa au kushuhudia kifo, ikiwa unaituliza kwa pombe au vidonge vya mtaani, nenda hospitali. Maumivu makali ya kifua yanayokujia ghafla usiyangojee mwezi wala wiki. Hospitali kuu ya rufaa ya Pwani na ile ya Port Reitz zinahudumia pia maradhi ya akili, na kituo cha afya cha karibu kinaweza kukuandikia barua ya kukupeleka huko. Ikiwa umeanza kufikiri kwamba heri usiwepo, usilale na wazo hilo peke yako usiku wa leo: mwamshe mtu, akae nawe, mwende hospitali pamoja kukipambazuka, au usiku huohuo ikiwa hali inazidi.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kukosa imani. Paulo alisafiri na Luka, ambaye katika Wakolosai 4:14 anamwita tabibu mpendwa, na hatusomi popote kwamba alimwambia aache kazi yake. Kunywa dawa kwa maji na kwa shukrani, usiiache bila kumwuliza aliyekuandikia, na endelea na ngazi yako.

Hofu ikirudi

Itarudi. Yangu ilirudi mwezi wa Aprili, wakati wa masika, jioni ya mvua ambayo umati ulikuwa umebanana chini ya paa na nguo zote zimelowa. Sikuweza kushuka mteremko. Niliketi kando, nikapumua hadi alama zikashuka kutoka nane hadi nne, kisha nikaondoka kwenda kulala Kisauni kama zamani, lakini safari hii sikumdanganya ndugu yangu kuhusu msongamano.

Likikupata jambo kama hilo, usirudi mwanzo wa mwongozo wala usianze kuuchunguza wokovu wako upya. Fungua daftari, andika mambo yale matano, mpigie simu mtu wako, kisha shuka vipande viwili tu kwenye ngazi na uanzie hapo kesho yake asubuhi. Mimi nilivuka na feri ya saa tatu, nikarudi na ya saa nne, na siku iliyofuata nikafanya vivyo hivyo. Jioni ya Ijumaa, saa kumi na moja na nusu, nilivuka pamoja na wengine.